Kuponi za Ntambwe

Ntambwe, karani wa mgodi, aliishi Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mbali na kwao Kasai, miaka ishirini na mbili. Akiba yake ilikuwa Ubelgiji, katika mfuko wa pamoja ulionunua hisa za kampuni za ng'ambo zinazotoa gawio. Alikuwa na cheti kisicho na jina, chenye safu za kuponi chini yake. Kila Mei alikata kuponi moja kwa mkasi wa mkewe Bilonda, akaituma benki, akalipwa. Jirani yake Kisimba, wa mgodi huohuo, alizoea kumtazama barazani.

Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa, Kisimba alikuja na kundi la watu kuchukua nyumba.

"Tata Ntambwe, ile karatasi ya Bazungu pia uiache. Mwenye kuishika njo yeye banalipa. Si wewe mwenyewe ulinielezea?"

Ntambwe alimpa cheti kimekunjwa. Kisimba hakukifunua. Safu za kuponi zilikuwa zimeshakatwa na kushonwa ndani ya upindo wa kikwembe cha Bilonda, kitenge alichojifunga.

Tangu hapo, kila Mei, Ntambwe alimwandikia Kisimba kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai: gawio limefika, tumenunua baiskeli. Gawio limefika, tumeezeka nyumba.

Mei ya sita Kisimba alifika mwenyewe, amekonda, cheti mkononi. Mgodi haukuwa ukimlipa tena.

"Ndugu yangu, tuunganishe karatasi na kuponi. Bila hii karatasi hautapata mtaji wako, zile pesa uliweka."

"Najua. Mi nitaukosa, na wewe utaukosa. Rudia Kapata, ukae mu nyumba yangu, ungojee barua."

Kisha akamwita Bilonda alete mkasi, akakata kuponi ya mwaka ule taratibu, Kisimba akitazama.