Sufuria Isiyojua Nyama

Hoteli yenyewe iko nyuma ya soko la Masasi, si mbali na stendi, ila msimu ule nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kila mahali palikuwa mbali. Watu wa mjini waliipa jina lao, kwa wala majani. Mwenye hoteli ni Mhindi, lakini si kama hawa wa maduka tuliowazoea tangu utoto. Huyu katoka kaskazini kabisa ya nchi yao. Alikuja na wanunuzi wa korosho, kazi yake kuwapikia. Msimu ulipokwisha wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Kwake hapaingii nyama, hapaingii samaki, hata yai haliingii. Watu walicheka. Mtu atoke kwake, avae vizuri, aende hotelini akale maharage? Maharage si yako nyumbani yanamsubiri?

Mimi pia nilicheka. Wakati ule nilikuwa nabangua korosho kwenye karakana ya mtu mmoja pale mjini. Ukibangua korosho, yale mafuta ya ganda yanakula vidole, unapaka majivu, unapaka chochote, vidole vinakuwa vyeusi vilevile. Mgongo usiseme. Jioni nilikuwa nikirudi chumbani nakaa kwanza mlangoni, napumzika kabla ya kuingia, kana kwamba kizingiti ni mlima. Siku ya kufunga kazi tajiri wetu akatukusanya, akasema leo tunakwenda kula. Tukafikiri kuku. Akatupeleka kwa wala majani. Wenzangu walinuna njia nzima.

Basi ikaletwa sinia ndogo, kila mtu ya kwake, na vibakuli vyake juu. Dengu nyeusi iliyopikwa na siagi mpaka ikawa nzito kama uji wa ulezi. Mchicha uliosagwa, ndani yake vipande vyeupe vya jibini. Viazi vya njano vyenye binzari. Chapati zao wanazipiga ukutani mwa tanuri, zinatoka na madoa meusi na zinanukia moshi. Na achari ya ndimu, ambayo kwa vidole vyangu vya siku zile ilikuwa adhabu. Nilikula taratibu kwa sababu ya uchovu, na ule utaratibu ukanifanya nionje vizuri. Mwenzangu mmoja akasema, "Hiki chakula kizuri, kinataka kuku tu." Tukacheka wote, mpaka tajiri.

Mama aliyekuwa anatuhudumia, mtu mzima wa hapahapa Masasi, hakupendezwa. Akasema, "Dada zangu, chekeni. Lakini sufuria za humu hazijui nyama tangu zitoke dukani. Shehe anakula hapa, katekista anakula hapa, hakuna anayeuliza nani kachinja."

Wenzangu waliendelea kuongea. Mimi mkono ulibaki juu ya sinia. Mimi ni mtu wa kuota, tangu darasa la saba, na elimu yangu iliishia hapo ila ndoto hazikuishia. Saa ileile nilimwona mama yangu ameketi meza ile na kaka yake, wanakula.

Niseme ilivyokuwa. Mama kazaliwa Lukuledi, kwa watu wa misheni. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, upande wa Mnyambe, Mwislamu. Mama alipoolewa akasilimu. Mjomba hakupinga. Alisema aliyesilimu ni dada yake, tumbo lililowazaa halijasilimu. Mambo yaliharibika baadaye, Mama alipokwenda kwao na mimi mgongoni, kuwaonyesha mtoto, akasindikizwa na shangazi zangu. Mjomba akafurahi, akamkamata jogoo wake mkubwa, akamchinja mwenyewe, akapikwa. Bakuli likaja. Shangazi zangu, kwa kuwa aliyechinja si Mwislamu, wakalisogeza pembeni kwa adabu, wakaomba kisamvu. Mama alikuwa bado mgeni ukweni, ameketi katikati yao, naye hakugusa. Mjomba alikuwa amekaa nje. Aliliona bakuli linarudi jikoni jinsi lilivyokwenda.

Alisema neno moja tu, "Jogoo wangu kawa kibudu." Kuanzia hapo hakula tena kwa Mama, wala Mama hakukaribishwa tena kula kwake. Hawakugombana. Walisalimiana, walitumiana habari za wagonjwa. Lakini kwetu mtu asiyekula kwako ni mpita njia. Baba alipofariki, Mjomba alikuja Newala, akachimba kaburi pamoja na wengine, akasimama juani mpaka mwisho, akaondoka bila kunywa hata maji. Mama alimtazama anavyoteremka njia. Usiku wa matanga aliniambia, "Nimechoka kuwa na ndugu wa salamu tu."

Kwa hiyo nilipotoka pale kwa wala majani nilikuwa na furaha yangu peke yangu. Kesho yake nikampigia Mjomba.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mama. Vidole vimepona?"

"Vinapona. Mjomba, nataka nikualike chakula. Hapa Masasi, hotelini."

"Hotelini anakula mtu asiye na jiko."

"Mama atakuwepo."

Nikaharakisha kumweleza, sufuria zilivyo, kwamba hakuna aliyechinja kitu mle tangu mlango ulipofunguliwa, kwa hiyo hakuna wa kumkataa mwenzake. Nilieleza mpaka pumzi ikakata.

"Hakuna nyama kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Sasa hao mgeni wanamkaribisha na nini?"

Nilisema dengu. Akasema atafikiria. Nilimpigia tena, akawa shambani. Nikampigia tena, simu akapokea mkewe. Mama naye upande wa Newala alikuwa ana sababu zake. Mara miguu, mara hana nguo, mara "mdogo wako atabaki na nani." Nikawa mtu wa kubembeleza watu wawili wazima kwa simu, kila jioni, baada ya kutafuta vibarua mchana kutwa. Yapo machovu ya mgongo na yapo ya mdomo. Ya mdomo hayaponi kwa kulala. Siku nyingine nilijiuliza kwa nini ndoto nyingine zisiwe za kuota na kuamka tu.

Mwishowe wote wawili walikubali, nafikiri kwa kunichoka.

Mama aliteremka kutoka Newala siku hiyo akafika na vumbi mpaka kwenye kope. Nikampangusa pale stendi, tukatembea polepole. Alikuwa amevaa doti mpya, na alikuwa anashika mkono wangu kwa nguvu kuliko njia ilivyotaka. Tulipoketi chini ya feni akaangalia meza za wengine.

"Mbona kila mtu ana sinia yake?" akauliza. "Wamegombana?"

"Ndiyo desturi yao, Mama."

"Haya. Desturi."

Nikaagiza kwa watu watatu, nikiamini Mjomba yuko njiani. Chakula kikaja, yeye hajaja. Mama hakugusa. Tukakaa tunatazama dengu inavyoota utando. Yule mama mhudumu alipita, akasema, "Mwaitazama tu, haiumi." Mama akatabasamu kwa heshima. Mimi nilikuwa sina tabasamu. Nililala vibaya siku nyingi, na sasa nilitaka tu jambo hili liishe, vizuri au vibaya, nikalale.

Ndipo Mjomba akatokea mlangoni. Koti lake la kuendea harusi za watu, viatu vimepakwa rangi, na kwapani jogoo. Jogoo mzima, mwekundu, mkia kama upanga, miguu imefungwa kwa ugwe wa katani.

Mwenye hoteli alitoka nyuma ya meza yake haraka. Ni mtu mpole, mwembamba, Kiswahili chake cha sokoni. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Mzee, samahani. Kuku hapana."

"Huyu si wa kupikwa hapa," Mjomba akasema. "Ni zawadi ya dada yangu."

"Najua, mzee. Lakini ndani hapana. Wa kuchinjwa haingii. Samahani sana."

Watu waliacha kula. Mjomba alitazama ndani, akatuona. Hakuja, alisema palepale mlangoni, kwa sauti ya kawaida, ile inayouma kuliko kelele.

"Nimemleta hai makusudi. Nikasema safari hii asiwepo wa kusema fulani kamchinja. Dada yangu ampeleke kwake, achinjiwe na amtakaye. Kumbe hata kwa watu wasiochinja, jogoo wangu anakataliwa."

Akageuka.

Mimi nilipaswa kuinuka. Nilikuwa na maneno yote tayari, niliyafanyia mazoezi siku nyingi. Lakini nilikaa pale kama gunia, nikaona koti la Mjomba linateremka ngazi za baraza, na nikafikiri, basi, imekwisha, mimi ndiye niliyewapa mahali pa kuachania.

Mama aliinuka. Alichukua kile kilichokuwa kwenye sinia zetu zote tatu, dengu, mchicha, viazi, akavimimina kwenye sinia moja, vyote pamoja, chapati juu. Mhudumu akasema, "Mama, unavichanganya." Mama akaibeba sinia ile kwa mikono miwili akatoka nayo nje. Nikamfuata.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho. "Kaka," alisema. "Kaa. Miguu inaniuma."

Mjomba alikuwa hatua chache mbele, amesimama, jogoo kwapani.

"Nitachafua suruali."

"Itafuliwa."

Hakukaa. Mama akanyoosha mikono. "Basi nipe huyo, asije akakuchafua koti pia."

Akampa. Mama akamlaza jogoo mapajani juu ya doti yake mpya, akamtuliza shingo. Sasa Mjomba akabaki na mikono mitupu, na mtu mwenye mikono mitupu mbele ya chakula hana pa kuipeleka. Akaketi, sinia ikiwa katikati yao.

Mwenye hoteli alikuwa ametufuata mpaka mlangoni. Aliangalia ngazi, akaangalia jogoo, kama anayepima mpaka wa shamba. Halafu akasema, "Nje, sawa," akaingia, akarudi na birika na beseni, akawanawisha mwenyewe, Mjomba kwanza. Kisha akachukua kipande cha chapati, akakikatakata, akamwekea jogoo karibu na mdomo. Jogoo akadonoa.

Mjomba alitazama. "Huyu bwana kamkataa mlangoni, sasa anamlisha," akasema. "Jogoo wangu kapata mkwe."

Mama alicheka kwa pua. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Baba aondoke. Mimi niliegemea nguzo ya baraza nikafumba macho, maana yalikuwa yanawasha.

Nikasikia Mjomba anaonja. Akatafuna muda mrefu kitu kisichohitaji kutafunwa.

"Hii dengu," akasema.

"Ni dengu."

"Kaipika mtu mwenye nafasi."

Wakaendelea kula. Nikafumbua macho. Mikono yao ilikuwa inaingia siniani kwa zamu, bila kugongana, kama watu waliofundishwa na mama mmoja. Mama alimsogezea Mjomba vile vipande vya jibini. Mjomba alikisogeza kimoja upande wa Mama tena.

Halafu Mama akasema, akiwa anatazama sinia, "Siku ile nilikuwa na njaa sana, kaka. Nilikuwa nanyonyesha. Ule mchuzi ulinukia mpaka maziwa yakatoka."

Mjomba akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kulia wifi, kushoto wifi."

"Mimi nilikuwa nje pale."

"Najua ulikuwa nje pale. Nilikuwa naona viatu vyako."

Pikipiki ilipita ikatumwagia vumbi kidogo. Mama akaifunika sinia kwa mtandio, vumbi likatua, akafunua. Mjomba alimega chapati, akaishika bila kuila.

"Huyu jogoo atachinjwa na nani?"

"Jirani yangu. Mzee wa msikitini. Ila mkono wake siku hizi unatetemeka."

"Jogoo ana nguvu huyu. Atamtoka."

"Ndiyo hivyo. Anataka mtu wa kumshika miguu."

Mjomba akamtazama jogoo, akamtazama tena, kama anayemnunua. Nilijua anayoyafikiri, maana nilikuwa nayafikiri pia. Kushika miguu huku mtu mwingine anachinja, kusikia dua isiyo yako, kisha kukaa mkekani kwa watu wale, kusubiri bakuli. Nilitaka kusema neno la kumsaidia. Nilikuwa nimechoka mno, na nashukuru sasa kwamba nilikuwa nimechoka.

"Gari la Newala linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Likijaa," Mama akasema.

Mjomba akatazama upande wa stendi, ambako konda alikuwa bado anaita abiria.

"Basi tuna muda bado," akasema, akaurudisha mkono siniani.