Kikombe Alichokunywa Shangazi Riziki

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Tulikuwa Columbus, sebuleni kwa Mzee Byaombe, mkubwa wetu sisi watu wa Fizi tuliopelekwa Amerika kutoka kambi za wakimbizi. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimetoka Louisville, nilikokuwa nikiishi, kuja kuwasalimu, nikatangaza mbele ya watu kwamba nataka kujifunza kutengeneza wiski. Walicheka hadi wakajifuta machozi.

"Bon, weye Wilondja," Mzee Byaombe akasema, "hata chai inakuungulia. Utawapikia Wazungu wiski, mu Kentucky kwao kwenyewe? Utaweza wapi, mutoto yangu?"

"Atawapikia sombe ya majani ya muhogo!" mwingine akadakia, na kicheko kikaanza upya.

Walisema sina shule. Walisema Kiingereza changu kinachechemea. Walisema ile ni kazi ya watu waliorithishwa na babu zao, na babu yangu mimi alichunga mbuzi. Leo ninaandika haya nikiwa Uvira, jirani na Fizi yetu, nilikorudi kuishi. Nyuma yangu kuna mtambo wa shaba wenye kibali cha serikali, na diploma yangu nimeitundika mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Niliweza. Sioni aibu kulisema, na mji mzima unajua kwamba sioni aibu. Lakini nataka usikie nilivyoweza, na pia nilichokipoteza siku ileile niliyoshangiliwa, kwa sababu hicho cha pili huwa sikisemi mbele ya wageni.

Louisville nilikuwa nafanya kazi ya ghala, kupakia vifurushi. Mzungu mmoja wa zamu yetu akaniambia kwamba kila Jumamosi yeye na rafiki zake hukutana kwenye karakana ya gari nyumbani kwa mmoja wao, wakapika pombe kali kwa kujifurahisha. Kwa kujifurahisha, mwanangu! Mmoja alikuwa daktari wa meno, mwingine mhandisi, mwingine mwalimu mstaafu. Sheria ya kule hairuhusu mtu kupika pombe kali nyumbani bila kibali, nao walilijua hilo, kwa hiyo mlango ulishushwa na redio ikafunguliwa.

Mwalimu wao alikuwa mzee anayeitwa Hobart, kutoka milima ya mashariki ya Kentucky. Alikuwa amepika porini tangu kabla ya kuota ndevu, yeye na baba yake, wakihama bonde hadi bonde kukimbia polisi. Wale mabwana walimfuata kwa gari na kumrudisha kwa gari, na alipokuwa akisema, daktari wa meno alinyamaza kama mtoto wa shule. Mzee Hobart alitufundisha kuchachusha uji wa mahindi, kutuliza moto, kumwaga kile kinachotoka mwanzo. Siku ya kwanza nilipomwona akiziba maungio ya bomba kwa unga uliokandwa, mwili ulinisisimka. Hivyo ndivyo Shangazi Riziki alivyokuwa akiziba, ila yeye kwa ugali wa muhogo.

Shangazi Riziki alikuwa dada ya baba yangu. Baba na mama walipofariki, ndiye aliyenilea, kule kambini Tanzania, na alinilea kwa kanyanga, ile ambayo wenyeji wa kule huiita gongo. Sare zangu za shule, sabuni, samaki wa Jumapili, vyote vilitoka kwenye lile pipa nyuma ya nyumba yetu ya udongo. Kisha jirani yetu mmoja alikunywa kanyanga ya Shangazi hadi akazidiwa, akalala nje mvuani, asiamke tena. Shangazi alilivunja pipa kwa jembe. Tulipofika Amerika, yeye akawekwa Columbus kwa binti yake Furaha, upande wa Gahanna, na huko akaokoka. Alisimama mbele ya kanisa akaapa kwamba pombe haitagusa mikono yake wala mdomo wake hadi kufa. Jumapili ya Meza ya Bwana alikaa mstari wa mbele na sare yake ya kwaya, na aliupokea mkate kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Alijua kwamba najifunza kupika. Hakunikataza. Aliniambia tu, "Baba, iyo kazi inajua kula watu. Uiangalie mu macho." Nami nikamjibu kwamba siku hizi ni sayansi.

Na kweli niliijua, sitakudanganya. Nilimpita mhandisi. Nilimpita daktari wa meno. Nikajiandikisha masomo ya jioni katika chuo kimoja pale Louisville kinachofundisha ufundi huu, nikapata diploma, mimi niliyeambiwa sina shule. Lakini kulikuwa na jambo dogo ambalo nililiona kila Jumamosi na sikulitilia maanani. Wale mabwana walionja wakatema kwenye ndoo, kisha wakakunja mikono na kuwatazama wenzao wakionja. Mzee Hobart hakutema. Kila alipofungua chupa yake, alijimiminia kwanza yeye, akameza tukimwona, ndipo akatugawia. Wenzangu walidhani ni kiu ya uzee. Mimi nikawaiga mabwana. Nikajiambia kwamba fundi mwenye shule huonja na kutema, na nikajivunia kwamba pombe haipiti kooni mwangu.

Diploma ilipotoka, nikafunga safari kwenda Columbus na chupa ya wiski niliyoipika kwa mikono yangu. Niliipeleka palepale nilipochekwa. Mzee Byaombe ni Mkatoliki na glasi haimsumbui, kwa hiyo aliita watu, sebule ikajaa, wanaume upande mmoja, akina mama upande wa jikoni, na Shangazi akiwa miongoni mwao na soda yake. Diploma ikapitishwa mkono kwa mkono. Nikamimina vikombe, nikavipanga mezani, nikakunja mikono kama daktari wa meno, nikangoja.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Wewe umezaliwa huku, kwa hiyo unaelewa. Kwetu mwenye kuleta pombe hunywa kwanza, watu wote wakimtazama koo. Wengi pale walikuwa wamezika ndugu ambao walisemekana wamewekewa sumu kwenye kikombe. Iwe kweli au uongo, mtu aliyezika hivyo hafanyi mzaha na kikombe cha mwenzake. Mimi nilikuwa nimekulia ndani ya desturi hiyo, na nilikuwa nimeisahau katika karakana ya Wazungu.

"Bon," Mzee Byaombe akasema polepole. "Mwenyewe hanywi?"

"Mzee, mimi ni fundi. Fundi anaonja tu, anatema."

"Anatema!" Aliwageukia wengine. "Mumesikia? Ye anatema, sisi ndiyo tumeze."

"Donc tulimucheka, sasa amerudi na dawa yetu," akasema mmoja nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa kifupi na hakikuwa na furaha. Mke wa mtu mmoja akamvuta mumewe shati. Ilikuwa ni kunywa tu, mwanangu! Kikombe kilikuwa mbele yangu. Lakini nilikuwa nimeshasema sinywi, na nilijiona mkubwa mno kurudisha neno langu mbele ya watu walewale. Nikaanza kuwaeleza habari za maabara.

Ndipo Shangazi Riziki aliposimama. Alivuka sebule nzima bila haraka, akaweka soda yake mezani, akachukua kikombe kilichojaa kuliko vyote.

"Uyu ni mutoto wangu," akasema. "Mimi ndiye mwenye pombe. Mukiona nimeanguka, mutaniokota."

Akanywa chote. Akakigeuza kikombe chini juu ili waone, akakirudisha, akaenda kukaa.

Sebule ilipumua. Mikono ikanyooka, vikombe vikaisha, Mzee Byaombe akalamba midomo na kusema kwamba wiski kama ile hajawahi kuonja, kwamba nimewaaibisha, kwamba nimewaheshimisha watu wa Fizi wote. Walinibeba mabegani. Na mimi, mwanangu, nilipokuwa juu mabegani mwa watu, sikumtafuta kwa macho. Niliamini ni wiski yangu iliyoshinda.

Niliporudi Louisville nilimsimulia Mzee Hobart ushindi wangu. Alisikiliza akitafuna tumbaku yake.

"Nani alikunywa kwanza?" akauliza.

"Shangazi."

"Yule uliyeniambia ameapa?"

"Ndiye."

Mzee alivua kofia, akaishika magotini. "Kijana," akasema, "kama hukutaka kuimeza, ungewaachia chupa ikiwa imefungwa, asilazimike mtu kuimeza kwa niaba yako. Nenda kwa huyo mama. Usipige simu. Nenda."

Nilisema nitaenda. Lakini wiki hiyohiyo kiwanda kimoja cha wiski mjini Buffalo kilinipa kazi, kazi ya diploma, si ya mabega, nami nikapanda kaskazini na mizigo yangu yote. Nilikuwa bado sijamaliza kuipanga nyumba pale Furaha aliponipigia.

"Kaka, mama ameitwa mbele ya kanisa. Kuna mtu alisema."

"Amejibu nini?"

"Wamemuuliza kama alikunywa. Amesema ndiyo, nilikunywa. Basi. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Wamemtenga na Meza."

Nikamwambia ni jambo dogo, litapita. Nikamwambia nitakuja theluji ikipungua. Buffalo, mwanangu, theluji haipungui upesi, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nikisema.

Nilipokwenda hatimaye, nilikwenda kwa kiburi kama ada yangu, nikiwa na suti, nikidhani nitalimaliza kwa maneno. Nilimweleza mchungaji wao kila kitu: desturi yetu, kimya cha sebuleni, kikombe. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kwetu. Aliyajua mambo hayo kuliko nilivyomweleza.

"Ninakuamini," akasema. "Mimi mwenyewe ningefurahi arudi hata kesho. Aje tu aseme kwamba anajuta, na Jumapili hiyohiyo ninamkaribisha mezani."

Nikatoka pale nikiwa mwepesi. Nilimkuta Shangazi kwa Furaha akichambua maharage kwenye sinia. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, akanisamehe kabla sijamaliza sentensi. Kisha nikampa habari njema kwamba linatakiwa neno moja tu.

Aliendelea kuchambua.

"Niseme ninajuta?"

"Ndiyo, Shangazi. Neno moja."

"Lakini sijuti, baba."

Nikadhani hakunielewa. Nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Nilivunja kiapo changu, najua, na Mungu anajua, na kunitenga wako na haki. Sina kinyongo na mchungaji. Lakini ile siku ikirudi, nawe umesimama pale peke yako, watu wanakuona muuaji, nitasimama tena nikunywe. Sasa niende mbele za Mungu niseme najuta? Nimdanganye ili nipewe mkate?"

"Shangazi, sema tu kwa mdomo."

Hapo alinitazama. "Mdomo ndio nilioapia."

Nilibishana naye hadi maharage yakaisha. Nilimletea Mzee Byaombe, naye akalia mbele yake akiomba msamaha kwa kicheko chake. Furaha aliomba. Hakukubali. Hakuacha kwenda kanisani hata Jumapili moja. Alihama mstari wa mbele, akakaa nyuma kabisa, bila sare ya kwaya, na mkate ulipopitishwa aliinamisha kichwa. Niliwahi kukaa karibu naye siku kama hiyo. Midomo yake ilikuwa ikiimba bila sauti, sauti ya kwanza, ileile aliyokuwa akiiongoza.

Aliishi hivyo miaka, hadi ugonjwa wa figo ukamchukua. Kwa taratibu za kanisa lao, aliyetengwa haimbiwi na kwaya. Mchungaji alikuja makaburini bila joho lake, kama jirani. Wanakwaya walikuja wote, wakasimama na nguo zao za kawaida, wakafunga midomo, na wengi wao walikuwa wakilia kwa sababu kuimba ndiyo zawadi pekee waliyokuwa nayo. Mimi si mwimbaji. Nilianza wimbo peke yangu nikaukosea, nikauanza tena, nikaukosea tena, na hapakuwa na mtu wa kunisaidia. Tulimshusha hivyo.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa maana nasema nikiwa mtu aliyepata karibu kila alichokitaka. Soma. Pata diploma, mbili ukiweza, na uzitundike, na asikudanganye mtu kwamba kujivunia jasho lako ni dhambi. Lakini siku utakayoshangiliwa, kabla hujawapa mkono wanaokushangilia, angalia ni nani aliyevuka sebule kwa ajili yako, na amelipa nini kuvuka. Nenda kwake siku hiyohiyo. Usingoje kazi mpya ikutulie, usingoje barabara zisafishwe. Na unapojifunza kwa wageni, jifunze kila kitu, ila usirudi nyumbani na mikono iliyokunjwa. Ukileta kitu mbele ya watu wako, kiwe chakula, kiwe neno, kiwe shauri, ukimeze wewe kwanza wakuone. Ukishindwa, sema nimekosea palepale, sebule ikiwa bado imejaa. Aibu ya namna hiyo huisha kabla vikombe havijaoshwa. Yangu haijaisha, nami nina mvi.

Mungu akuzungushie watu watakaosimama kwa ajili yako, na akupe macho ya kuwaona wangali wamesimama. Akupe mdomo mwepesi wa kuomba msamaha na miguu myepesi kuliko mdomo. Uheshimiwe ugenini, upendwe nyumbani, na siku yako itakapofika, wanaokupenda waruhusiwe kukuimbia.