Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mjukuu wangu anaandika haya ninayomtamkia, kwa kuwa mimi sikuwahi kukaa darasani. Nimemwonya asinyooshe maneno yangu wala asiruke lolote.

Picha za ukoo wetu zilikaa sandukuni, kijijini kwetu Goweko, hadi mchwa walipoingia kwa chini. Chache zilizosalia mjukuu alizipiga picha upya, akazihifadhi katika kompyuta yake ya mpakato hapa mtaani Kanyenye. Karatasi zenyewe zikapukutika. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo moja ya mama yake, binti yangu wa kwanza, amesimama katika shamba la tumbaku. Nyingine hakuna. Binti yangu huyo tulimzika wakati mwanawe hajaanza kutembea. Uso ule anaujua kwa picha hiyo tu.

Kiangazi kilichopita kompyuta ikaanza kugonga. Ta, ta, kisha kimya, kisha ta. Niliitambua sauti hiyo. Niliwahi kuisikia ndani ya boriti ya bani letu la kukaushia tumbaku, juma zima, na kwa nje boriti ilionekana nzima hadi siku ilipoanguka.

"Humo ndani kuna kinacholiwa," nikamwambia.

"Ni diski inachoka, Bibi. Picha nyingine zimeanza kugoma kufunguka. Leo nanunua diski ya pembeni nizinakili zote."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja Bibi anigombeze kwanza," akasema, akicheka. Mimi sikucheka.

Alasiri akaunganisha diski mpya, picha zikaanza kuhama. Akaaga kwenda mazoezi ya kwaya. "Itachukua saa tatu. Asiiguse mtu."

Sikuigusa. Lakini upepo ulikuwa ukiingiza vumbi, na nyumbani kwangu kitu cha thamani hakikai wazi: redio ina kitambaa chake, runinga ina chake, hata mtungi wa maji. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, na juu yake kanga iliyokunjwa mara mbili. Nikakaa kando nikisikiliza. Kugonga kukazidi kasi. Kisha kukakoma, nami nikadhani imetulia.

Nilipofunua, ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka mekoni, na kioo kilikuwa cheusi. Nikakunja kanga na kitambaa, nikavirudisha kabatini kabla hajarudi.

Kesho yake fundi wa kompyuta alinipa shikamoo, akaigeuza kompyuta. "Diski ilikuwa ikiugua, lakini kilichoimaliza ni joto. Matundu ya hewa yaliziba. Mliiweka kitandani?"

Mjukuu akatazama chini. "Huwa naiweka kitandani."

"Uzembe," nikasema, mbele ya fundi.

Fundi aliokoa nyingi. Ya binti yangu inafunguka nusu: kilemba, paji la uso, macho. Kuanzia hapo kwenda chini ni kijivu kitupu. Mdomo ambao watu husema mjukuu ameurithi haupo tena, na hakuna pa kuutafuta.

Tangu siku ile, kila anapoifungua picha hiyo huniambia, "Nisamehe, Bibi." Nami nimekuwa nikimjibu kwamba nimemsamehe.

Leo nimemketisha aandike, ili jambo hili lipite mkononi mwake mwenyewe. Tulipofika kwenye kanga, kalamu ilisimama. Nikamwambia, andika. Ameandika hadi hapa, na bado hajainua uso.