Bustani ya Mama, Huko Nakaloke

Juzi jirani yangu hapa Jinja alikuwa akipaka chokaa mawe ya uani kwake. Ile harufu mbichi iliponiingia puani nikawa tena na miaka minane, nimesimama kwenye ua wa watu, Nakaloke, nimechanganyikiwa kabisa. Nisikilizeni, maana kisa hiki sina desturi ya kukisimulia.

Kwetu ni Walukuba, hapa hapa Jinja. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na bustani ndogo: njia ya mawe meupe, asumini upande wa jikoni, mchaichai, na benchi la mbao. Benchi hilo alilihamisha weee, hadi akapata mahali ambapo ukikaa unaliona ziwa katikati ya nyumba mbili na upepo wake unakufikia. Mama alikuwa mkali, wallahi, lakini akishakaa pale baada ya alasiri, hata ukivunja sahani anasema tu, "Zoa vigae."

Likizo moja baba, aliyekuwa dereva wa lori, akanichukua hadi Mbale. Tukafika nyumba moja Nakaloke, akasema, "Zuhura, msalimie mama yako mdogo." Nikampa shikamoo, nikidhani ni mdogo wake mama, ingawa sura hazikufanana hata kidogo. Kisha nikaenda uani kunawa. Jamani! Njia ya mawe meupe, asumini upande wa jikoni, mchaichai, benchi. Niligeuka kutafuta mlango wa chumba changu. Moyo ulitulia kama niko nyumbani, na papo hapo nikaona vibaya kutulia.

Kitu kimoja tu kilikwenda kombo. Benchi liliangalia ukuta wa jirani, na mlima wote wa Wanale, pamoja na maporomoko yake, uko mgongoni.

"Hata mimi nimeshindwa na benchi hilo," mama mdogo alisema akicheka. "Nikiligeuza, baba yako, aliyeipanga bustani yote, analirudisha. Anasema hivyo ndivyo roho yake inapumzika."

"Kwetu linaangalia ziwa," nikamwambia, nikijiona nimesaidia.

Aliacha kucheka. Akazunguka akiyatazama mawe, moja moja, kama ndiyo kwanza anayaona. Jioni alinipa mnofu mkubwa wa nyama, lakini siku zote nilizokaa kwake sikumwona tena kwenye lile benchi. Sikuelewa.

Nikarudi Walukuba na habari zangu njema. "Mama, mama mdogo ana bustani kama yetu! Kila kitu!" Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuniuliza mama mdogo yupi. Kesho yake aling'oa asumini, akang'oa mchaichai, mawe akayatupa mtaroni, nami nikimfuata nyuma nalia, naomba msamaha wa kosa nisilolijua. Baba aliporudi akakuta udongo mtupu.

"Mama Zuhura, kuna nini?"

"Maua yako Mbale," mama akasema. "Yafuate huko."

Miaka mingi niliamini nimeivunja nyumba yetu kwa domo langu. Ukweli mama alinipa nilipokuwa nimeshaolewa mwenyewe. Kumbe habari za mke mwenza alikuwa nazo tangu ndoa yao ilipofungwa. Alilia, akakubali, na kila sikukuu akampelekea kitenge.

"Mume nilijua tutagawana," aliniambia. "Lakini pale bustanini nilipatengeneza nikae peke yangu. Uliponiambia vile, nilipokaa jioni ile nikaona tumekaa wawili."