Bahari ya Saa Nne

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeupangia mwezi vituo vyake na bahari mipaka yake, akaniacha hai mpaka nimeweza kulisimulia jambo hili bila kuona haya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Baada ya hayo, naanza.

Katika miaka ile ya tisini mama wa watoto wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikuwa mgane mwenye watoto watatu katika nyumba ambayo haijapigwa plasta, huko Boko, upande wa kwenda Mbweni. Kiwanja alikipenda yeye. Alisema anataka upepo wa bahari umfikie jikoni. Tulihamia haraka, naye hakumaliza mwaka ndani yake. Majirani walikuwa wa kuhesabu. Viwanja vingi vilikuwa na mawe ya mipaka tu, au msingi ulioota majani, kwa kuwa kila mtu alikuwa akijenga kidogo kidogo. Watoto wakishalala, sikuwa na mtu mzima wa kumwambia hata kwamba leo mchuzi umezidi chumvi.

Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la sita. Wadogo zake wawili wa kiume, mmoja alikuwa darasa la pili na mwingine hajaanza shule. Niliamka kabla ya adhana, nikakoroga uji, nikaswali, nikamsuka binti mabutu yasiyolingana, kisha nikapanda baiskeli mpaka Mikocheni, kwenye kiwanda cha nguo nilikokuwa mtunza stoo. Binti hakuwahi kulalamikia mabutu yale. Alikuwa akiyafunika kwa mtandio na kwenda zake.

Kiwanda kilikuwa cha serikali, kisha kikauzwa kwa watu binafsi. Wenye mali wapya walipenda michezo. Mwaka mmoja wakatangaza siku ya wafanyakazi huko Mbweni, na ndani yake mashindano ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyasikia: mtu aogelee mita mia mbili, atoke majini apande baiskeli mpaka Bunju na kurudi, kisha amalizie kwa miguu. Afisa michezo, kijana mpole, alikuja kantini na daftari.

"Idara ya stoo nani anajua maji ya chumvi?"

"Unatafuta nini na Mzaramo kakaa mbele yako?" akasema fundi mitambo mmoja, Msukuma wa kando ya ziwa, mtani wangu. "Hawa wanazaliwa na mapezi. Muandike mzee huyo."

Watu wakacheka. "Mzee, nikuandike?" akauliza kijana.

Nilinyamaza, na kijana akaandika.

Ukweli ni kwamba nilikulia Kisarawe, kwenye vilima, mikononi mwa babu aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Maji makubwa niliyoyajua ni ya kisima. Lakini watu wa bara hutuona Wazaramo wote kuwa wa ufukweni, na mimi sikumsahihisha mtu. Tangu msiba, watu kazini walikuwa wakinisogelea kwa sauti ya chini, wakinipa pole na kuondoka. Siku ile walicheka wakinitazama usoni. Sikutaka kicheko kile kiishe. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo, ingawa sikutamka neno.

Ilibaki miezi miwili. Mbio hazikunitisha, na baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yangu. Kilichobaki ni maji. Kila nilipoyafikiria niliwaona watatu wale wamelala kwenye mkeka, nami nikajiuliza, nikizama, hawa watabaki na nani? Dada yangu alikuwa Lindi na wanawe saba. Upande wa mama yao hakubaki mtu. Nilipaswa kwenda kwa afisa michezo nikamwambia anifute. Badala yake nikaamua kujifunza kuogelea peke yangu, kwa siri.

Nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa Jumamosi. Kiwandani tulifanya kazi Jumamosi moja, tukapumzika inayofuata. Jumamosi za mapumziko watoto walikuwa chuoni kwa ustadhi mpaka saa sita, na saa nne asubuhi mimi nilikuwa Mbweni. Saa hiyo bahari ilikuwa imekwenda mbali sana. Nilitembea juu ya mchanga na mawe mpaka kwenye bwawa refu lililoachwa na maji, nikaingia nikiwa na fulana na suruali fupi. Maji yalinifika kifuani. Nilirusha mikono, nikapiga miguu, nikanywa chumvi, na nilipochoka niliteremsha vidole nikasimama. Ufukwe mzima hapakuwa na mtu ila kina mama wawili watatu kwa mbali, wameinama wakiokota chaza. Nilikuwa nikiomba dua kwa sauti, na sauti ilipotea juu ya mchanga bila kurudi.

Nilikwenda Jumamosi nne hivyo. Kila mara, saa nne, bahari niliikuta palepale, na bwawa langu palepale. Mara ya nne nilivuka bwawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikisimama mara mbili tu. Nilirudi nyumbani nikiimba kaswida.

Jioni ile binti, niliyekuwa nimemwambia nakwenda mazoezi ya kuogelea, alinitazama miguu. Nyayo zilikuwa zimechanika kwa magamba ya chaza. Alichemsha maji ya chumvi, akaniwekea beseni chini ya kiti.

"Baba, mashindano bado siku ngapi?"

"Wiki moja."

"Na siku hiyo utaogelea kama unavyoogeleaga Jumamosi?"

"Inshallah."

Akakamua kitambaa, akafuta damu.

Sasa niseme kosa langu, ambalo nadhani angelifanya mtu wa aina yangu tu. Maisha yangu yote niliyapima kwa nyakati za swala. Adhuhuri ina saa yake, alasiri ina saa yake, na kesho hazihami. Nami nikadhani bahari nayo ina saa zake: saa nne imekwenda, mchana itarudi. Na mashindano yalipangwa saa nne. Zaidi ya hapo, mimi ndiye niliyekuwa nikiutazama mwezi katika msikiti wetu mdogo. Nilijua siku unayoandama na siku unayokuwa mpevu, na niliandika tarehe zake kwenye kadi iliyobandikwa karibu na kibla. Lakini sikuwahi kuweka mwezi na bahari katika fikra moja. Mwezi kwangu ulikuwa wa funga na Idi.

Mashindano yaliwekwa Jumamosi ya kazi, na kiwanda kikafungwa siku ile. Yaani ilikuwa Jumamosi ile ya katikati, ambayo sikuwahi kufika ufukweni.

Tulifika na watoto. Nilipotoka kwenye mivinje nikasimama. Mchanga niliouzoea haukuwepo. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, nzito, kijani, na pale palipokuwa bwawa langu palikuwa na boya jekundu linalocheza juu ya maji ambayo yangezamisha watu wawili waliopandana mabegani. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga.

"Mama, mbona bahari leo iko hapa saa nne?"

Akanitazama kana kwamba namtania. "Baba, leo si mwezi nusu? Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndio saa hizi maji yanatoka. Mwezi nusu yanajaa. We mgeni?"

Nilihesabu kwa vidole. Jumamosi zangu zote nne zilikuwa karibu na kuandama au karibu na kupevuka. Zamu za kiwanda zilikuwa zimetembea sambamba na mwezi, wiki mbili kwa wiki mbili, nami ndiye mwenye kadi ya mwezi.

Walitupanga mstari majini, maji yakiwa magotini. Mtani wangu alikuwa kulia kwangu, kifua wazi, anaruka ruka.

"Mzee, leo nifundishe mambo ya kwenu. Ukifika kwenye boya nisubiri tupige stori."

Nikageuka. Binti alikuwa amesimama mbele ya watu, kamshika mdogo wake wa mwisho mkono, na viatu vyangu amevikumbatia. Hakuwa akipunga. Alinitazama vile alivyoitazama maiti ya mama yake ikitoka mlangoni.

Nikatoka majini. Nikaenda kwa afisa michezo, nikamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mie sijui kuogelea. Sikuwahi kujua. Nisamehe."

"Mzee, unatania."

"Sitanii, mwanangu."

Kicheko kikaanza nyuma na kuja mbele. Mtani wangu alikaa kabisa ndani ya maji. "Mzaramo haogelei," akasema. "Mie nimepata la kusema mpaka siku ya kufa kwangu." Lakini alipoinuka alinijia, akaniwekea mkono begani, akasema taratibu, "Ungeniambia, mtani. Ungeniambia tu."

Kijana aliniruhusu kufuata, bila kuhesabiwa. Nilisubiri karibu na baiskeli mpaka wa mwisho alipotoka majini na kuondoka, ndipo nikapanda. Njia ya Bunju ilikuwa tupu. Wenzangu walikuwa wamekwisha kupotea mbele, na vumbi lao limekwisha kutulia. Niliendesha peke yangu kati ya misingi iliyoota majani, nikarudi, nikaacha baiskeli, nikakimbia pekupeku. Nilikuwa nikitaja jina la Mola wangu kwa kila hatua mbili. Nilipofika, kamba ya mwisho ilikuwa imeshafunguliwa na watu wanakula pilau.

Binti yangu alikuwa bado amesimama pale kamba ilipokuwa, na viatu vyangu mkononi. Akavua sandali zake, akakaa chini na mimi.

"Baba, mie nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mtu anayeogelea hachanwi nyayo. Wewe ulikuwa unatembea." Akachora mchangani kwa kidole. "Nilikuwaga nakaa dirishani kwa ustadhi mpaka nisikie kengele ya baiskeli yako. Halafu ndo nasoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi unaimba."

Kwa miezi miwili nilidhani niko peke yangu na siri yangu, kumbe chini ya bati lile lile kulikuwa na mtoto wa darasa la sita aliye peke yake na siri hiyo hiyo, akinichemshia maji. Nilimwomba radhi. Akasema haya, baba, twende tukale.

Mwezi ulipopevuka nilikwenda tena kwenye bwawa, saa nne, na watoto wote watatu na mtani wangu Msukuma. Alitufundisha kwa matusi ya utani mpaka maji yaliporudi. Sikupata kuwa mwogeleaji. Binti alipata, na leo anawafundisha wanawe. Mimi hukaa ufukweni na viatu vyao.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi unayoyabeba kimyakimya. Akupe mtu wa kumwambia, na akupe macho ya kumwona yule anayekusubiri dirishani. Amin.