Mayai ya Mimba Yangu Yanaliwa Maple Grove

Admin, nifiche jina tafadhali. Hapa Minnesota sisi watu wa Mombasa twajuana mpaka rangi za magari. Nina miaka ishirini na saba, mimba ya miezi saba, naishi Coon Rapids na mume wangu. Kazi ya kutunza wazee niliiacha mgongo ulipokataa, sasa twategemea mshahara wake wa ghalani. Tulikubaliana: kodi kwanza, kisha chakula changu, mengine yasubiri. Alhamdulillahi nikapata ile kadi ya wajawazito ya kununulia maziwa, mayai na maharage.

Basi nikinunua Ijumaa, Jumapili friji tupu. Nikimuuliza anacheka: "Mimba imekusahaulisha, mama. Umekula mwenyewe."

Mwanzo nilijitilia shaka mie. Kisha nikaona kila Jumamosi ajipulizia manukato, atoka na mfuko, asema aenda darsa. Darsa gani ya kwenda na mfuko, na mayai yangu yapotea siku hiyo hiyo? Nikajua tu, nina mke mwenza. Nilipekua gari, simu, mpaka mifuko ya kanzu, na tumbo langu hili! Kliniki nako nesi akaniambia damu imepungua, nile vizuri. Nililia garini.

Jumamosi iliyopita shoga yangu akanipeleka Maple Grove, kwenye nyumba ambayo mume wangu asema ndiko darsa husomwa, nikajidai nimekuja kumsalimia mama mwenye nyumba. Kumbe darsa ipo kweli! Wanaume kumi na wawili wamezunguka sinia, mikate ya mayai imejaa. Yule mama akanikumbatia. "Mashallah, mumeo hatuangushi! Wenzake waleta soda, yeye mayai na maziwa. Tena asema ni wewe wamtuma."

Nikatabasamu. Nikala vipande vinne kwa hasira, wallahi. Afadhali ningekuta mwanamke, ningejua wa kugombana naye. Huyu aninyima mie na mwanawe ili asifiwe na wanaume wenzake! Na kama aweza kunitazama usoni akanidanganya kwa mayai, mangapi mengine sijui?

Jana kaniambia Jumamosi hii zamu ni yetu kuwalisha. Ataka pilau. "Usiniaibishe," asema. Cha kadi kilichobaki ni galoni moja ya maziwa na maharage, na mwezi haujaisha.

Dada zangu, nishaurini. Nipike nimsitiri, au niwatandikie sinia tupu, niwaambie chakula changu mlishakimaliza?