Maua ya Mwalimu Gundi

Zamani hakuwa na jina hilo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa Mwalimu tu, na wanafunzi walipotaka kumsengenya walimwita Rula, kwa jinsi alivyotembea amenyooka na jinsi asivyopinda neno. Gundi lilikuja baada ya kustaafu, siku jirani wa mlango wa pili alipompa mkono kumsalimia na mikono ikakataa kuachana. Jirani alicheka, akaenda kuwasimulia wenzake, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na Mwalimu Gundi wake.

Alikuwa amefundisha Kiingereza darasa la tatu, watoto sitini na ushee katika chumba chenye madirisha matatu. Zawadi mle ndani ilikuwa moja: aliyejibu vizuri aliruhusiwa kufuta ubao. Dasta yenyewe ilikuwa kipande cha mbao kilichopigiliwa blanketi kuukuu. Mtoto alifuta, akatoka nayo nje kuipiga ukutani, vumbi la chaki likampanda hadi kichwani, akarudi na nywele nyeupe kama babu yake na kifua mbele. Mwalimu aliona hiyo inatosha. Kumsifu mtoto kwa maneno hakukuwa kazi yake.

Mkewe hakukubaliana naye. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani, na kila jioni alimtania mumewe juu ya ukali wake.

“Methali imesema ngozi ivute ingali mbichi,” alimwambia. “Haikusema uivute mpaka ichanike.”

Naye Mwalimu alikuwa na lake la kumlaumu mkewe: hakutupa kitu. Vipande vya vitambaa, makopo ya maziwa, maboksi ya dawa ya meno, vizibo vya soda, vyote viliingia stoo, na kila alipoulizwa vya nini alijibu kwamba akiba haiozi. Walizozana juu ya stoo ile tangu walipooana, bila mshindi.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwake, mke akafariki. Cherehani ikafunikwa shuka. Mwalimu akawa mtu wa kukaa karibu na redio asiyoisikiliza, chai ikimpoa mkononi. Binti yake wa pekee, muuguzi, ambaye alikuwa akiishi naye, alimtazama akisinyaa hivyo kwa miezi kadhaa, kisha siku moja akarudi kutoka kazini na kompyuta. Alimweleza kwamba wako wazazi wanne wanaowatafutia watoto wao wadogo mwalimu wa Kiingereza, kwa mtandao, asubuhi tatu kwa wiki.

“Nimfundishe mtoto ambaye hata viatu vyake sivioni?” aliuliza Mwalimu.

Binti hakubishana. Aliiweka kompyuta mezani, akamwonyesha pa kubonyeza, akamwachia.

Wiki za kwanza maji yalimfika shingoni. Watoto walikuwa wanne, kila mmoja katika kisanduku chake kwenye kioo. Kulikuwa na binti mmoja aliyeng'oka meno mawili ya mbele na kujipa mwenyewe jina la Pengo. Kulikuwa na mvulana ambaye simu yake iliangalia juu darini muda wote, hivyo Mwalimu akawa anafundisha pangaboi la nyumba ya watu. Wa tatu alisinzia. Wa nne, kwenye kona ya chini, alikuwa msichana wa miaka saba aliyelelewa na bibi yake. Huyo hakusinzia wala hakucheza, ila hakutoa neno, hata jina lake hakulitaja. Alimtazama tu.

Kompyuta ilikuwa na zawadi zake. Mtoto akijibu, unabonyeza, nyota inaanguka na kengele inalia. Siku ya kwanza walifurahi. Siku ya tatu Pengo akauliza nyota zinakwenda wapi somo likiisha. Mwalimu naye hakujua, na kuanzia hapo hakuna aliyezitaka tena. Alilikumbuka vumbi la chaki. Alikumbuka mikono sitini hewani na ile sauti ya “mimi, mimi” aliyokuwa akiikemea kila siku. Jioni alimwambia binti yake kwamba anaacha. Binti akamwomba amalize mwezi angalau.

Akiwa anausubiri mwezi uishe, aliamua kusafisha stoo na kutupa kila kitu. Alifungua boksi la kwanza akiwa amesimama. La pili alilifungua amekaa chini. Vitambaa vilikuwa vimefungwa kwa rangi, kila fungu na uzi wake, na alianza kuvitambua: sare ya shule yake mwenyewe, pazia la chumba chao cha kwanza cha kupanga, shati aliloliunguza kwa pasi siku ya usaili. Alikaa mle hadi miguu ikafa ganzi. Alipotoka hakuwa ametupa kitu. Mkononi alikuwa na boksi la dawa ya meno na vizibo vinne.

Kabla usiku haujaingia alikuwa ametengeneza basi la boksi, vizibo vikiwa magurudumu. Asubuhi alifunga uzi ukutani nyuma ya kiti chake, kutoka dirishani hadi kabatini, akalitundika. Akawaambia watoto kwamba kila sentensi nzuri italisogeza basi shubiri moja, na likifika kabatini wao ndio watakaoamua mwalimu avae nini. Lilifika siku hiyohiyo. Walimchagulia sharubu za uzi mwekundu. Mzee yule, ambaye darasani kwake hakuna aliyewahi kuliona jino lake, alifundisha majina ya wanyama akiwa na sharubu nyekundu zinazomwasha puani. Simu ya mvulana wa pangaboi ikashuka, na kwa mara ya kwanza Mwalimu akamwona uso.

Baada ya hapo hakuacha. Alipanga makopo manne ya maziwa juu ya meza, moja la kila mtoto, akachomeka kijiti katika kila moja. Mtoto akitumia neno jipya ndani ya sentensi, anachagua kitambaa, na Mwalimu anakata ua palepale mbele yao na kulibandika kijitini kwa gundi. Ndipo vidole vikaanza kushikana, na mtaa ukampata Gundi wake. Kijiti cha Pengo kilielemewa na maua hata kikawekewa nguzo. Cha yule wa kona ya chini kilibaki kikavu, na siku moja Pengo akauliza mbona cha mwenzao hakichanui. Mwalimu alimjibu kwamba kuna mimea inayoanza na mizizi. Zamani angemsimamisha mtoto huyo mbele ya darasa mpaka aseme. Sasa alimsalimia kila somo kwa jina lake, akangoja kidogo, akaendelea.

Wiki ya saba, alipokuwa akipekua fungu la vitambaa mbele ya kamera, kikadondoka kipande kimoja cha bluu chenye madoa meupe. Sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, na tafadhali yake ndani, kwamba inaomba ua la bluu.

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alikiokota kile kipande. Alikijua. Kilikuwa cha gauni ambalo mkewe alijishonea mwenyewe akiwa mjamzito, akalivaa siku walipomleta binti yao nyumbani kutoka hospitali. Gauni lenyewe lilikwisha chakaa miaka mingi. Kilichobaki duniani ni hicho, ukubwa wa kiganja. Alifikiria kumwambia mtoto achague kingine; bluu zilikuwepo nyingi. Maneno yalimfika ulimini. Akamtazama yule msichana, ambaye alikuwa ameusogeza uso hadi ukajaza kisanduku chote.

“Rudia, mama, wenzako wasikie,” alimwambia.

Mtoto akarudia, safari hii akiongeza “Mwalimu” mwishoni. Mzee akapiga moyo konde, akashika mkasi, akakata petali tano.

Binti yake aliporudi mchana alipita mezani, akarudi hatua mbili, akalishika kopo la nne. Mwalimu alianza kuomba radhi. Alisema alipaswa kumuuliza kwanza, kwamba kipande kile kilikuwa chake yeye kuliko mtu yeyote. Binti alimsikiliza huku akivuta kiti cha cherehani na kukikalia, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

“Baba, kwani hujui Mama alikuwa anafanya nini pale barazani?”

“Alikuwa anashona.”

“Watoto wa darasa lako walikuwa wanapita kwake wakitoka shule. Aliyeweza kumwambia neno la Kiingereza ulilofundisha siku hiyo alipewa kifungo. Wengine walikuwa wanatembea njiani wanalirudia wasilisahau. Alituonya, mimi na wao, kwamba tukikwambia utaona umeingiliwa kazi.”

Miaka yote ile darasa lake liliongoza kwa Kiingereza, na miaka yote ile aliamini ni kwa sababu ya unyoofu wake. Alipocheka, alicheka mpaka akashika meza, na binti naye akacheka, kisha wote wawili wakalia kidogo, kila mmoja akiangalia pembeni. Mchana ule walizungumza juu ya marehemu zaidi kuliko walivyozungumza tangu wamzike.

Yule msichana wa kona ya chini, kimya chake kingi kilikuwa na mshindo mkuu kweli. Kufikia mwisho wa muhula ilibidi Mwalimu amsihi awaachie wenzake nafasi. Bibi yake alipiga simu kuuliza kama dawa hiyo ya kumfungua mdomo haina ya kuufunga. Mwalimu alifunga makopo yote kwenye maboksi na kumtumia kila mtoto la kwake, na muhula uliofuata akapewa watoto wengine wanne.

Hata hivyo lile la vifungo lilimkaa moyoni. Siku alipokwenda kuchukua dawa ya presha, mfamasia aliyemhudumia alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mama mtu mzima sasa, miwani puani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hebu niambie kweli, mwanangu. Ulishawahi kupewa kifungo na mke wangu?”

Mfamasia akaiweka chupa chini. Alitazama nyuma yake kwanza, kama mtoto anayeogopa kushtakiwa, ndipo akatabasamu.

“Vitatu kwa mpigo,” alisema. “Siku ile ulitufundisha mwavuli kwa Kiingereza. Mama alisema neno refu namna hiyo halilipwi kwa kifungo kimoja.”